Anakokwenda Mshindo

Katika ofisi ya ustawi wa jamii ya mtaa ule alikuwako mwanamke ambaye watoto walimbatiza jina la Bi Kwanini. Hakuliomba jina hilo, alilipata kwa jasho lake. Ukimwambia mvua imenyesha, atataka kujua imekunyeshea ukiwa wapi, ulikuwa unatoka kwa nani, na mwavuli uliuacha kwa nini. Mumewe alipenda kusimulia kwamba siku waliyofunga ndoa, mfungishaji alihojiwa na bibi harusi mpaka akasahau alipokuwa amefikia. Bi Kwanini hakukana. Alisema tu kwamba kuna maneno pale hakuyaelewa, na yeye hatii sahihi kwenye jambo asilolielewa.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa kabati la mafaili. Upande huu meza yake, upande ule meza ya mkuu wake, bwana mpole mwenye miwani aliyekuwa akisikia kila kitu kupitia kabatini na kujifanya hasikii. Nje kulikuwa na benchi la kusubiria. Kazi yao ilikuwa watoto na familia zilizoelemewa: mama aliyefukuzwa na wanawe, baba mgonjwa asiye na wa kumsaidia, mtoto aliyebaki peke yake.

Asubuhi moja aliingia fundi cherehani, mwanamke mnene mchangamfu ambaye futi yake ya kamba haikutoka shingoni hata akiwa njiani.

"Dada," alisema huku akijipepea kwa kiganja, "nimekuja kushtaki au kuuliza, hata mwenyewe sijui."

"Keti kwanza. Tuanze na kuuliza. Kama kuna mashtaka, yatajileta yenyewe."

Huyu fundi na mumewe walikuwa wamekabidhiwa na ofisi ile msichana wa darasa la nne wamlee, kwa kuwa mama yake alikuwa amefariki na hakupatikana ndugu wa kumchukua. Mume wa fundi alikuwa akitengeneza redio kwenye kibanda mbele ya nyumba yao, na ndiye aliyempa mtoto jina la Mshindo. Alimpa kwa utani, kwa sababu msichana yule alitembea kama paka. Mara kwa mara mzee angeinua kichwa kutoka kwenye nyaya zake, amkute amesimama pembeni yake, aruke nusura aangushe pasi ya kuchomelea. "Ama kweli huyu mtoto ana mshindo!" angesema, na jina likaganda.

"Ni mtoto mzuri," alisema fundi. "Haibi, hatukani, hachagui chakula. Lakini kila Jumamosi baada ya kula mchana anatoka, anarudi jua likiwa limelegea. Nikimwuliza alikuwa wapi, anasema alikuwa anatembea. Dada, mtu anatembea nusu siku anatafuta nini?"

"Labda kuna rafiki."

"Ndivyo nilivyodhani. Sasa nusa hii." Akatoa mkobani gauni la kitoto la rangi ya samawati na kuliweka mezani. "Alilivaa Jumamosi."

Bi Kwanini akanusa. Akanusa tena. Gauni lilinukia sabuni ya mche, na moshi kidogo, moshi wa mkaa. Alipolipapasa pindo akakuta limekakamaa kama limemwagikiwa uji ukakauka.

"Wanga," alisema fundi. "Ule wa kukazia nguo. Mimi nyumbani kwangu sitii nguo wanga. Na mikono yake inarudi imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda majini. Dada, sitaki kutia chumvi, lakini roho yangu haitulii. Kuna mtu anamtumikisha mtoto huyu. Tena mtoto niliyepewa na serikali nimtunze! Watu watasema nini? Kwamba namtuma vibarua?"

Upande wa pili wa kabati mkuu wa ofisi alikohoa.

Jioni ile Bi Kwanini akaenda nyumbani kwa fundi, kwa kisingizio cha kupima sketi. Mshindo alikuwa ameketi chini karibu na cherehani akichagua vipande vya vitambaa kwenye kapu la mabaki. Akainuka mara moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unashona nini?"

"Kofia."

Ilikuwa kofia ndogo, ya kulitosha dafu dogo. Mishono ilikuwa imepinda lakini ilishika. Fundi akaeleza kwa fahari kwamba hiyo ni ya tatu, na kabla yake mtoto alishona kifuko chenye mikanda ya kufungia shingoni, na kwamba ana kidoli kinachovishwa kuliko watu wa nyumba ile.

"Hebu nikione hicho kidoli," alisema Bi Kwanini.

Mshindo akatazama miguu yake. "Hakipo hapa."

"Kiko wapi?"

"Kimelala."

Fundi akacheka, na mumewe aliyekuwa mlangoni naye akacheka. Bi Kwanini hakucheka. Alijaribu kofia ile kwenye ngumi yake, akaigeuzageuza. Kwa ndani, pale ambapo mshono ungeweza kukwaruza ngozi, mtoto alikuwa ameshona kipande laini cha pamba. Nani anayejali kidoli kisikwaruzwe kichwa?

"Na anauliza mambo huyu!" alisema mume wa fundi. "Juzi kaniuliza jino la kwanza la mtoto mchanga linatokea juu au chini. Nikamwambia, mwanangu, mimi fundi redio, niulize habari za waya."

Mshindo akarudi kuketi na kuendelea kuchagua vitambaa.

Bi Kwanini alirudi kwake kichwa kikimwenda mbio. Sabuni, wanga, mkaa, kofia, meno. Aliyapanga hivi, akayapanga vile, hata chakula kikampoa sahanini. Kesho yake akamwambia mkuu wake kwamba Jumamosi atamfuata yule mtoto kwa mbali aone anakokwenda.

Mkuu akavua miwani. "Sisi si polisi, dada. Na akikugundua?"

"Sasa nifanyeje?"

"Wewe si una maswali kuliko watu wote wa mji huu? Mwulize."

"Nimeuliza. Hajibu."

"Umemwuliza mbele ya watu wazima watatu, na wawili wanacheka."

Bi Kwanini akachukua mkoba wake. Mchana akaenda shuleni, akaomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, wakakaa yeye na Mshindo kwenye ngazi za nyuma ya darasa, mahali ambapo watoto wengine walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi na hakuna aliyewajali.

"Nitakwambia ukweli," alisema. "Shangazi yako fundi ana hofu unatumikishwa mahali. Mimi nami nina hofu hiyo, na vilevile nina hamu tu ya kujua, sitakudanganya. Jumamosi nataka tufuatane. Ukikataa sitakufuata kwa kujificha. Ila nitaendelea kuuliza, maana ndiyo kazi yangu kuhakikisha hudhuriki."

Mtoto alichora mstari mavumbini kwa kidole cha mguu. Akaufuta. Akachora mwingine.

"Ukija," alisema mwishowe, "utamchukua?"

"Nitamchukua nani?"

Mshindo akaufuta na huo wa pili.

"Simchukui mtu yeyote Jumamosi," alisema Bi Kwanini taratibu. "Nakuja kutazama tu."

"Usije na faili."

"Siji nalo."

"Na usiseme wewe ni wa ofisini."

"Nisipoulizwa, sisemi. Nikiulizwa, siwezi kusema uongo. Na wewe usinisemee."

Mshindo alilipima neno hilo kama fundi anavyopima kiuno cha mteja. Kisha akakubali kwa kichwa.

Jumamosi wakaondoka, mtoto mbele, mtu mzima nyuma. Waliipita shule, wakaipita hospitali kubwa kwa upande wa ukuta wa nyuma, wakaingia uchochoro uliokuwa na mfereji wa maji ya sabuni katikati, meupe kama maziwa. Mbele uchochoro ulifunguka, na Bi Kwanini akasimama ghafla. Uwanja mzima ulikuwa mashuka. Mashuka meupe kwenye kamba, safu baada ya safu, yakijaa upepo na kutulia, na kila moja lina alama ya hospitali pembeni. Chini ya kibanda cha mabati kulikuwa na pasi za mkaa zimepangwa mezani zikifuka.

"Msaidizi wangu huyo!" ilisikika sauti kutoka nyuma ya mashuka. "Leo umechelewa. Bwana Mkubwa amekasirika, amekitupa kijiko."

Akatokea dobi, mwanamke mrefu mkavu wa umri wa makamo, mikono mitupu mpaka mabegani. Yeye ndiye aliyekuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto wa kiume mnene. Mtoto yule alipomwona Mshindo alipiga kelele, akanyoosha mikono yote miwili, akarusha miguu kiasi kwamba dobi aliyumba.

"Taratibu, bwana, utanivunja kiuno!" Akamfungua, akamkabidhi. "Huyu akimwona dada huyu, mimi simo tena."

Mshindo alimpokea. Bi Kwanini akamwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu amjue, tena kicheko chenye sauti, kicheko ambacho kingemfaa mtu wa jina lake. Msichana akatia kidole safi mdomoni mwa mtoto, akapapasa ufizi wa chini, uso wake ukang'aa. "Limetoka," alimwambia dobi. Kisha akatoa kofia mfukoni.

Baada ya hapo kazi ikaanza. Mtoto aliketishwa kwenye mkeka, kofia kichwani, na dobi na Mshindo wakawa wanaanua na kukunja. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Wanashika ncha, mmoja huku na mmoja kule, wanalivuta likanyooka, wanasogeleana, mmoja anampa mwenzake pembe zake, anainama kuokota pindo, wanaachana tena. Kila waliposogeleana walimpita mtoto mkekani, na kila mara Mshindo alimgusa kichwa kwa mguu wake mtupu, na mtoto akacheka kama ndiyo mara ya kwanza.

Dobi akamkaribisha mgeni kigoda. "Wewe ni nani yake, dada?"

"Tunafahamiana," alisema Bi Kwanini. "Nimemwomba nione anakoshinda Jumamosi."

"Umefanya vizuri. Mimi nilimwuliza kwao wapi, akanionyesha kwa mkono huko." Akaelekeza nusu ya mji. "Alikuja tu siku moja, akasimama pale kambani. Nikamwuliza unataka nini, akasema nikusaidie kukunja. Nilimpa hela akakataa. Nikasema basi, labda anapenda watoto. Huyu si wa kumzaa mimi, unajua. Mama yake alifia wodini baada ya kujifungua, na hakuna aliyekuja kumwulizia. Nilikuwa nikipeleka mashuka, namwona kila siku kalala peke yake kwenye kile kitanda cha vioo, nikasema hapana. Nikafuata taratibu zote, nikahojiwa na yule bwana wa ustawi wa hospitali, wakanikabidhi." Akapangusa jasho. "Sijui wamependania nini hawa wawili. Utadhani wamejuana zamani."

Bi Kwanini akamtazama Mshindo. Mshindo alikuwa ameshika shuka mpaka kidevuni, macho tu yanaonekana, na macho yale yalikuwa yanamwomba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Bi Kwanini alikuwa na swali mdomoni akalimeza.

Wakiwa njiani kurudi, walikaa kwenye ukuta mfupi nje ya hospitali, na Mshindo akasema mwenyewe bila kuulizwa. Alisema kama mtu anayetua mzigo kichwani, kwa uangalifu, usianguke.

Mama yake alishikwa na uchungu ghafla. Jirani mmoja aliyekuwa amehamia majuzi ndiye aliyempeleka hospitali, na kwa kuwa hakumjua vizuri, alimwandikisha kwa jina alilosikia akiitwa uani, ambalo halikuwa jina lake la kweli. Mshindo alifika baadaye kwa miguu. Muuguzi mmoja alimwonyesha mdogo wake kupitia kioo. Alimwona mama pia, wakazungumza. Alipokuja tena, mama hakuwapo. Mwenye nyumba akamshika mkono kumpeleka ofisini kwa kina Bi Kwanini, na njiani akamwonya: usiseme mko wawili. Mmoja watu watamchukua. Wawili hakuna anayetaka, mtaishia kubaya.

"Kwa hiyo ulipoulizwa kama una ndugu..."

"Nilisema sina."

Bi Kwanini aliikumbuka siku ile: msichana macho makavu, nguo safi, anajibu kila swali kwa neno moja. Mtoto wa wodini alikuwa mikononi mwa ofisi ya hospitali kwa jina la mama mwingine. Huku wakaandika mtoto wa pekee, kule wakaandika mtoto asiye na jamaa. Hakuna aliyesema uongo isipokuwa mtoto mmoja, tena kwa kuogopa.

"Ulimpataje?"

"Nilimwuliza yule anayepiga deki wodini. Akasema amechukuliwa na mama wa mashuka. Nikafuata mkokoteni."

Ni hivyo tu. Alifuata mkokoteni wa mashuka machafu mpaka ulikoishia, akasimama kambani, akaomba kazi.

"Sasa utasema," alisema Mshindo. Halikuwa swali.

"Lazima niseme. Wewe na yeye mna haki ya kujuana, na sheria iko upande wenu. Ninyi ni ndugu, hamkupaswa kutenganishwa bila mtu kufikiri. Lakini sitasema bila wewe kuwapo."

"Watamrudisha?"

"Sijui watakavyosema. Ningekuwa najua ningekwambia."

Mtoto akajikaza, akashuka ukutani, akaongoza njia mpaka nyumbani.

Juma lililofuata wakakutana ofisini, kabati likiwa limesukumwa ukutani ili watu waenee. Fundi na mumewe upande huu, dobi na mtoto mapajani upande ule, mkuu wa ofisi katikati, na yule bwana wa ustawi wa hospitali amebanwa karibu na dirisha. Mshindo aliketi karibu na Bi Kwanini. Habari ikasemwa mpaka mwisho.

Wa kwanza kusema alikuwa dobi, na sauti yake ilikwaruza. "Kwa hiyo nilikuwa nachunguzwa. Miezi yote hii namwita msaidizi wangu, kumbe ananitazama kama nafaa."

"Hapana, mama," alisema Mshindo. "Nilikuwa namtazama yeye."

Fundi akaanza kulia, akijifuta kwa ncha ya futi yake. Alisema chumba kipo, kitanda kipo, watoto wote wawili waje kwake, hata leo, kwani damu moja ilale nyumba mbili kwa nini? Dobi akamkumbatia mtoto kifuani mpaka akalalamika. Alisema naye ana mlango na paa, kama ni damu moja basi msichana aje kwake. Mume wa fundi akamwambia fundi apunguze sauti, fundi akamwambia yeye ndiye aliyepandisha, na kwa muda kidogo pale ofisini ilikuwa kama redio mbili zimefunguliwa vituo viwili. Mkuu akagonga meza kwa kalamu. Akaeleza kwamba kanuni inapendelea ndugu wakae pamoja, na kwamba kwa fundi kuna nafasi zaidi. Akasema hivyo huku akitazama meza, wala si dobi.

Bi Kwanini akainua mkono kama mwanafunzi.

"Kuna mtu mmoja hajaulizwa," alisema. Akamgeukia msichana. "Wewe unataka nini?"

Ajabu ni kwamba Bi Kwanini mwenyewe hakulijua jibu. Njia nzima ya kuja alikuwa akijaribu kulibahatisha. Alidhani Mshindo atasema anataka wakae wote kwa fundi, penye cherehani. Pengine atataka kwa dobi. Alikuwa tayari kwa yote mawili.

"Asihamishwe," alisema Mshindo.

Fundi akaacha kulia.

"Akiamka usingizini anamtafuta mama dobi. Asipomwona analia mpaka anapaliwa. Nimeona." Akamtazama mdogo wake. "Mimi najua mtu akiamka asimwone mama yake inakuwaje. Yeye hajui bado. Sitaki ajue."

Dobi akageuza uso dirishani. Yule bwana wa hospitali akajibanza zaidi ampishe.

"Na wewe je?" aliuliza Bi Kwanini. "Wewe mwenyewe?"

"Nataka nibaki kwa shangazi fundi. Na nataka niende kule mbele ya watu, siyo kwa kujificha. Na yeye aambiwe mimi ni dada yake. Siyo msaidizi wa kukunja."

Mkuu akavaa miwani yake, akaivua, akaivaa. Akasema jambo kama hilo litafika mbele ya hakimu wa watoto, na ofisi itapeleka maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Dobi akainuka. Akavuka chumba, hatua ndefu kama anavuka mfereji, akamweka Bwana Mkubwa mapajani mwa fundi.

"Mshike," alisema. "Umzoee. Siku nikiwa na mashuka mengi nitamleta kwako."

Fundi akampokea kwa mikono miwili. Alimpima mtoto kwa macho, mabega, kifua, urefu wa mguu, na kila mtu mle ndani akajua keshamkatia suruali.

Hakimu naye alikuwa mtu wa kusikiliza. Aliwaita watoto chumbani kwake, wala si ukumbini, akampa Bwana Mkubwa funguo achezee, akamsikiliza Mshindo mpaka mwisho. Amri yake ilikuwa fupi: kila mtoto abaki alipo, waandikwe ndugu, wawe na siku zao za kuonana zisizogusika, na familia zote mbili zishauriane kabla ya kuhama au kufanya jambo lolote kubwa. Ofisi zote mbili, ya mtaa na ya hospitali, ziliamriwa tangu siku hiyo zisimkabidhi mtoto kabla ya kuulizana.

Ilibaki cheti cha kuzaliwa kusahihishwa, jina la mama liwe lile la kweli. Wakaenda wote, kundi zima, wakajaza kile chumba cha usajili mpaka karani akauliza kama kuna sherehe. Aliandika jina la mama, akaandika tarehe, kisha akainua kalamu.

"Jina la mtoto?"

Dobi akaguna. Hapo kabla hospitali ilikuwa imeandika "mtoto wa kiume" tu, na yeye alikuwa amezoea Bwana Mkubwa. Akasema aliwahi kufikiria jina la baba yake mzazi. Fundi akapendekeza la baba yake yeye. Mume wa fundi akapendekeza jina la mtangazaji mmoja wa zamani mwenye sauti nzito, wakamfokea wote wawili.

"Analo," alisema Mshindo.

Wakageuka.

"Mama alishampa. Siku ile tuliyozungumza. Aliniambia ndiyo jina lake, nisisahau."

Miezi yote ile, kwenye benchi la ofisi, kwenye kapu la vitambaa, kule kwenye mashuka, mtoto huyu alikuwa amelibeba jina la mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kumwuliza. "Kwa nini hukusema?" aliuliza Bi Kwanini, akajuta papo hapo.

"Nilikuwa namwita," alisema msichana. "Sikioni. Mama dobi akiwa anapanga pasi."

Akapanda kwenye kiti ili aifikie meza ya karani, akamtamkia jina lile taratibu, silabi kwa silabi. Karani akaliandika na kumgeuzia karatasi akague. Lilikuwa sawasawa. Dobi akalijaribu mdomoni kwa sauti ya chini, mara mbili, tatu. Akasema ni jina zuri, kubwa kidogo, lakini atalikulia.

Jumamosi ya kwanza ya siku zao rasmi, Bi Kwanini alipita uwanjani kwa dobi. Alijisemea kwamba ni ukaguzi. Fundi alikuwa amekuja na mashine yake ya mkono, ameiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, anapiga viraka mashuka yaliyochanika ambayo hospitali ilikuwa imeyakatia tamaa. Mumewe alikuwa chini ya kibanda akifunga redio kwenye nguzo na kugombana na waya. Mshindo na dobi walikuwa wanakunja, na katikati yao, ameshikilia pindo la shuka kwa ngumi zote mbili, mtoto alikuwa anajaribu kusimama. Alianguka kitako. Akalishika tena. Safari hii dada yake hakulivuta. Alisimama vilevile, shuka limelegea mikononi, akimngoja.